Maji Niliyolizidishia Nanasi la Sebuleni

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Namtumbo, Bwana Shamba hakuuliza hata cheti changu cha kidato cha nne. Alinipa keni ya kumwagilia akaniongoza hadi kwenye vitalu vya tumbaku, yaani matuta ya kukuzia miche kabla haijahamishiwa shambani.

"Mche haulii, Gervas," aliniambia. "Ukiungoja ulie, umeshakufa. Ukiwa na shaka, mwagilia."

Kwa tumbaku changa alisema kweli. Mbegu zake ni kama vumbi, na udongo wa juu ukikauka kwa mchana mmoja tu, kitalu kimekwisha. Nilikuwa naota matuta yamepasuka, naamka na kwenda moja kwa moja kwenye keni. Hofu hiyo ilinifanya nisifiwe, nikadhani itanifaa kwa kila mmea.

Baadaye nilihamia Songea mjini, nikawa mtunza bustani katika nyumba ya wageni ya masista. Nilikaa hapo miaka mingi chini ya Mama Mkuu, msimamizi wa nyumba, mwanamke mwepesi wa kucheka ila mkali kwa uzembe. Kazi yangu ilikuwa nje: waridi, michongoma, mboga za jikoni. Karibu na mwisho wa utumishi wangu, mgeni mmoja alimwachia Mama Mkuu zawadi ya chungu chenye ua linaloitwa bromelia. Ni ndugu wa nanasi, kwa hiyo tuliliita nanasi la sebuleni. Majani yake hukutana katikati yakafanya kikombe, na mmea hunywa hasa kwa kikombe hicho. Mizizi ni ya kushikilia tu. Hayo sikuyajua.

Lilitoa ua jekundu lililokaa miezi. Kisha ua likafifia, na pembeni mwa shina yakachomoza machipukizi mawili. Mama Mkuu akaniita.

"Mzee Gervas, nimepata uhamisho. Mvua zikianza naondoka. Nataka nichukue mtoto mmoja wa ua hili, ndicho kitu pekee nitakachobeba kutoka nyumba hii. Nitunzie."

Wiki chache baadaye majani ya chini ya mmea mama yakaanza kuwa kahawia. Nilishtuka. Nilidhani ni kiu. Nilianza kumwagilia kila asubuhi, nikajaza kikombe, nikajaza na kisahani kilichokuwa chini ya chungu. Majani yakazidi kunyong'onyea, nami nikazidi kumwagilia. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea mnayoijua, ukungu hadi saa nne, na sebule ile hailioni jua.

"Shikamoo, babu," alinitania Sista wa jikoni. "Humo unafuga kambale?"

"Marahaba. Niache, lina kiu hili."

Siku moja yeye huyo akafungua madirisha yote akitafuta panya aliyekufa. Mimi nilijua harufu inatoka wapi. Nilishika jani la katikati, likang'oka bila kuvutwa. Chini lilikuwa laini kama ugali uliolala kwenye maji.

Nilikibeba chungu hadi kwa Bwana Miti, mtaalamu wa misitu aliyesimamia kitalu cha miche. Alinusa, akatikisa kichwa.

"Mzee mwenzangu, mama huyu alikuwa anakufa kifo chake. Hili likishatoa ua, kazi imekwisha, linabaki kunyonyesha watoto. Wewe umemfuata kitandani na ndoo!"

Alimwaga maji ya kikombe, akautoa mmea chunguni, akanionyesha mizizi. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza, uliooza ni mweusi na huambuka ngozi. Chipukizi moja lilikuwa limeoza pamoja na mama yake. La pili lilikuwa gumu. Alilikata kwa kisu alichokipitisha motoni, akalianika kivulini mpaka kidonda kikakauka, kisha akalipanda kwenye mchanganyiko wa vipande vya mkaa, magome na mchanga wa chembe kubwa, udongo usioshika maji. Alilifungia kijiti lisimame. Kisahani alikitupa pembeni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama," nilisema mlangoni kwa Mama Mkuu.

"Milele na milele, amina. Mbona una uso wa msibani?"

Nilimweleza yote. Akauliza, "Na mtoto?"

"Yupo mmoja. Hana mizizi."

"Basi tumngoje."

Kungoja ndiko kulikonishinda. Kazi yangu yote ilikuwa kumwaga maji, na sasa kazi ilikuwa kutomwaga. Nililichungulia kutwa. Sista wa jikoni akaificha keni. Nililowanisha kikombe kidogo tu, na tone likikaa muda nililibadilisha. Asubuhi ya safari nilivuta chipukizi kwa vidole viwili. Likakataa kidogo; mizizi ilikuwa imeanza kushika. Nilimkabidhi Mama Mkuu.

"Mama, tia kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, acha. Siku ukilionea huruma, lisogeze dirishani, usilipe maji."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Vijana wanaonijia na vyungu vinavyonuka nawaambia kwamba maji mengi huanza na mtu kuogopa, na kwamba jani linalochoka halisemi daima kwamba lina kiu. Mimi niliogopa kuonekana sikufanya kitu. Majuto hayo sijayamaliza.

Juzi simu ililia. Alikuwa Mama Mkuu, naye sasa mzee, anapumzika katika nyumba ya masista ya mbali.

"Mzee Gervas! Limetoa ua tangu Pasaka! Jekundu kama la mama yake!"

Mke wangu alipiga vigelegele. Mimi nikakaa chini.

"Hongera, Mama. Na majani ya chini yakoje?"

"Yamechoka kidogo. Ila usihofu, tangu jana nimeliwekea kisahani cha maji."

"Kitoe, Mama."

"Nitakitoa jioni."

"Sasa hivi. Mimi nangoja kwenye simu."

Nikasikia anaweka simu mezani, halafu fimbo yake ikigonga sakafu, polepole, kuelekea dirishani.