Faini ya Kuku Mmoja

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa Kihagara, nikalelewa kwa samaki na mihogo, halafu nikaolewa huko juu Mpepai, ambako watu wanalima mashimo ya ngolo, ya kushika maji na udongo, kwenye miteremko mikali mpaka mgeni anaogopa kusimama. Wakwe zangu Wamatengo wananiita Mnyasa hadi leo. Sikasiriki. Hasira zangu nilizitumia kwingine. Sasa nina wajukuu, kahawa yangu inazaa, mgongo unauma kidogo tu. Nikisimulia mambo yaliyofuata kifo cha mume wangu huwa nacheka kabla sijalia, na wajukuu hawanielewi.

Ilikuwa miaka ile soko lilipoachiwa huria. Zamani kahawa yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, mara wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja anakupigia honi mlangoni. Mume wangu alipanda juu ya magunia kwenye lori la tajiri mmoja wa mjini, aende Mbinga kuona kwa macho yake kahawa yake ikipimwa. Kwenye mteremko breki zikakataa, lori likapinduka. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Mume wangu hakutoka.

Tajiri alifika msibani siku ya pili na mkewe, na mchele, na mbuzi, na sanda. Sikatai, sanda ilikuwa nzuri. Lakini alileta na maneno. Alisema marehemu alikuwa amelewa chakari, akasinzia juu ya mzigo, akaanguka mwenyewe kabla lori halijapinduka. Mume wangu! Mtu aliyekuwa akinywa kikombe kimoja cha pombe siku ya sikukuu, na hicho chenyewe anakiacha nusu! Niliwaka. Kilichoniuma zaidi ni baba mkwe. Hakupinga hata neno moja, aliinamisha kichwa tu. Tangu siku hiyo nilikuwa na shida moja duniani: wanangu watatu wasije wakakua wakiambiwa baba yao alijiua kwa ulevi.

Baada ya mazishi ikaitwa sengu. Kwa Wamatengo, sengu ni pale ukoo mzima unapokula pamoja kwa babu, wanaume kwenye sahani zao na wanawake kwenye zao, na mkishakula mnazungumza mambo ya mashamba, ugomvi, watoto wakorofi. Ukikosana na mtu, ukala naye sengu, basi yamekwisha. Ni desturi nzuri, nimeiona ikipatanisha watu waliokuwa wakitafutana kwa mapanga. Wazee wakamwita tajiri na mkewe waje kula. Wanaume walikula naye, wakanawa mikono, shauri likafungwa. Mkewe aliketi na sisi wanawake. Mama mkwe akanisogezea ugali na maharage. Nikakunja mikono.

"Kula, mwanangu," akasema.

"Sili, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sili na watu wanaomwita mume wangu mlevi."

Weee! Ungedhani nimemwaga sufuria. Shangazi wa mume wangu alisema watu wa ziwani hatukufundwa. Mke wa tajiri, maskini, aliacha kutafuna, tonge limejaa shavuni. Habari zikafika upande wa wanaume, na kabla watu hawajatawanyika nikawa nimeshahukumiwa: faini ya kuku mmoja kwa kudharau chakula cha sengu. Nikawapa jogoo wangu mwekundu, yule mshenzi aliyekuwa ananidonoa miguu kila asubuhi. Niliona wamenipunguzia adui.

Wiki chache baadaye nilishuka Mbinga mjini. Kwenye baraza ya duka moja la vitambaa alikuwepo mzee wa asili ya pwani, karani mstaafu wa mahakama, mwenye kofia nyeupe na mashine ya chapa, anawaandikia watu barua. Nikampa shikamoo, nikamweleza msiba wangu. Akaniuliza, "Mama, wewe unataka nini hasa?"

"Nataka isemwe mbele ya watu kwamba hakulewa."

"Basi sikiliza. Kesi ya dereva ni ya polisi na serikali. Itakwenda utake usitake, lakini humo hutasikika, labda uitwe kutoa ushahidi. Ukitaka mwenye lori mwenyewe ajibu, hiyo ni kesi ya madai, unaifungua wewe, na lori lina bima, watu wa bima nao wataulizwa. Ila marehemu hana mdomo. Lazima apatikane msimamizi wa mirathi wa kumsemea. Kaeni ukoo, mteue mtu, mwandike muhtasari, mahakama ya mwanzo imthibitishe. Hapo ndipo uende mahakama ya wilaya."

"Watasema nauza maiti."

"Watasema," akakubali, akaingiza karatasi kwenye mashine. "Kisha watanyamaza."

Kweli walisema, na hawakunyamaza upesi. Kwa kawaida angeteuliwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, lakini yeye aliogopa kama kifaranga, maana tajiri ndiye aliyekuwa ananunua kahawa yake. Kila aliyetajwa akapata kikohozi. Mwisho mzee mmoja akasema, "Mpeni Mnyasa, ana mdomo." Ndivyo nilivyopata cheo.

Mahakama ya mwanzo ikanithibitisha, nikamfungulia tajiri kesi wilayani, nayo ilichukua muda mrefu. Nilikwenda na kurudi, mara hakimu yuko safari, mara faili halionekani. Nilijifunza kubeba viazi vya kuchemsha na kitambaa changu cha kufuma, na kusema kweli nilianza kuzoea benchi lile. Nilipata hata marafiki pale.

Dereva alinitolea ushahidi. Alikuwa ameshatiwa hatiani kwenye kesi yake, tajiri akamfukuza kazi, sasa hakuwa na wa kumwogopa. Alisema alimwambia tajiri mara mbili kwamba breki ni mbovu, akajibiwa kahawa haisubiri. "Na marehemu?" hakimu akamuuliza. Akasema marehemu alikuwa akigonga paa la lori, akipiga kelele, "Punguza mwendo, punguza!" Aligonga mpaka lilipolala. Nilifunga macho. Nilikuwa sijui kwamba aligonga.

Halafu wakili wa tajiri, kijana mtanashati kutoka Songea, akamwita shahidi wake. Nani? Baba mkwe wangu! Mzee alisimama na koti lake la kanisani, hanitazami.

"Mzee, baada ya msiba mlikula na mteja wangu?"

"Tulikula."

"Kwenu, kula pamoja kwenye sengu kuna maana gani?"

"Maana yake shauri limekwisha."

Wakili akaketi anatabasamu. Nikajua nimekwisha. Hakimu akaandika, akaandika, kisha akainua macho. "Mzee, na huyu mjane naye alikula?"

Baba mkwe alikuwa mtu wa kusema kweli hata ikimchoma. Akakuna shingo. "Huyu? Huyu hakula, mheshimiwa. Tulimtoza kuku kwa sababu hakula."

Watu walicheka mpaka askari wa mahakama akasimama. Hakimu naye alijificha nyuma ya faili. Alipojikusanya akauliza kama siku hiyo msimamizi wa mirathi alikuwa ameshateuliwa. Baba mkwe akasema bado. "Na huyo kuku mlimla?" "Tulimla, mheshimiwa. Alikuwa mgumu." Wakili wa tajiri akaanza kukusanya karatasi zake.

Siku ya hukumu tulikwenda wawili, mimi na baba mkwe. Sikumwomba, nilimkuta tu barabarani ananisubiri na fimbo yake. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, karani akatufasiria. Alisema wazee walimaliza chuki yao na hilo ni jema, lakini siku ile hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kufunga madai ya marehemu, na mjane alikataa waziwazi. Alisema kosa ni la mwenye lori, na fidia ilipwe. Ililipwa, na wanangu walisoma. Nililala vizuri miaka mingi kwa ajili ya hukumu ile, nami sioni haya kusema hivyo.

Tulipotoka, baba mkwe alimfuata karani kwenye korido. "Mwanangu, yale maneno ya kwanza kwanza. Hebu nisomee tena."

Karani akatafuta mstari kwa kidole, akasema: "Mahakama imeridhika kwamba marehemu hakuwa amelewa."

"Tena."

Akarudia.

"Tena, mwanangu."

Mara ya tatu mzee aliegemea ukuta, machozi yanamdondokea kwenye koti, na watu wanapita. "Mkamwana," akaniambia, "mimi baba yake niliamini. Nilimzika mwanangu nikiwa nimemkasirikia."

Nilikuwa nimemwekea baba mkwe maneno makali, nimeyapanga kwa miaka miwili yote. Sikuona hata moja. Nilimwambia na mimi sikujua kwamba aligonga paa, tukasimama pale tunalia, mimi na yeye, mpaka karani akatuletea kiti kimoja, na hakuna aliyekubali kukikalia kabla ya mwenzake.