Salamu Nilizomwandalia Mgeni wa Ruiru

Chekeni tu, nimeshazoea. Mwaka mmoja vijana wa Thika tulianzisha chama cha kuwakutanisha Waafrika, Wahindi na Wazungu, wote wanywe chai meza moja. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliposikia kijana wa Kihindi anakuja kutoka Ruiru, furaha ilinijaa. Wiki nzima nilimsumbua Mhindi mmoja mwenye duka la nguo anifundishe salamu za Kigujarati.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nilisimama nikahubiri kwamba mtu asipimwe kwa rangi ya ngozi yake, na makofi yakanipa moto zaidi. Hapo hapo nikamgeukia mgeni nikamwaga Kigujarati changu. Akanitazama tu. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama ninayesema na kiziwi.

Akainuka taratibu, akanijibu kwa Kikuyu kilichonyooka kuliko changu.

"Ndugu katibu, mimi nimezaliwa Ruiru. Wazazi wangu ni Wagoa, watu wa Goa kule India, na lugha hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeijua. Wewe ulijuaje kwamba mimi naijua?"

Ukumbi mzima ukanigeukia, ukingoja jibu la katibu.