Mlango Uliofunguka Saa Nane

Sikusoma zaidi ya darasa la tatu, na sijawahi kuona haya kulisema. Chumba changu cha baridi cha samaki, huku Likoni upande wa Bofu, nilikijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, na waliosoma huja kununua kwangu. Basi mkaza mwanangu, anayeniendeshea ofisi, alipofunga vidude vya kupima baridi na kimoja cha mlangoni, vipeleke habari kwenye jedwali la kompyuta, nilimpa masharti yangu: kila sekunde niletewe mstari, na usifutwe hata mmoja.

"Baba, litakuwa zito," akasema. "Kila mstari ukiingia, jedwali linapiga hesabu zote upya tangu juu. Tuchukue kila dakika, yatosha."

"Mwizi hangoji dakika."

Akaiweka sekunde. Ana adabu yule.

Majuma ya kwanza nilikaa mbele ya kile kioo cha kompyuta kama sultani. Mlango ukiguswa tu, neno WAZI lawaka jekundu hapo hapo. Nikaliamini kuliko macho yangu.

Kisha siku moja, saa nane mchana, nimerudi kuswali, likawaka: WAZI. Joto la ndani likaanza kupanda. Nikatoka. Kutoka ofisini hadi mlangoni ni hatua ishirini. Kufuli limefungwa. Nililishika, la baridi, lina jasho. Mshika ufunguo wangu, niliyefanya naye kazi tangu tuna nywele nyeusi, alikuwa kivulini akila mihogo.

"Umefungua?"

"Nifungue nitafute nini? Barafu tumeipanga asubuhi."

"Nimeona."

"Umeona wapi, bwana, nami nimekaa hapa?"

Nikarudi ndani. Kioo chasema WAZI. Nikachungulia dirishani: mlango umefungwa. Kioo, WAZI. Dirisha, umefungwa. Mwili ulinisisimka, na mimi nikisisimka huwa mkali.

Kesho yake, saa ile ile, tena. Siku ya tatu sikustahimili. Nikamwita mbele ya kina mama wachuuzi waliokuja kuchukua samaki, nikanyoosha mkono: "Ufunguo. Na Ijumaa baada ya alasiri utaapa kwa msahafu."

Kwetu mtu akishaapishwa, hata akitoka safi, watu huuliza ilikuwaje akaapishwa. Yeye alijua, nami nilijua. Aliufungua ufunguo kiunoni taratibu.

"Nitaapa," akasema. "Lakini leo umenizika ningali hai."

Kesho yake funguo zote mbili, wangu na wake, zilikuwa mfukoni mwangu. Ilipokaribia saa nane nikageuza kreti, nikakaa, mgongo nikauegemeza mlangoni. Mkaza mwanangu alikuwa ndani, dirisha wazi, akinisomea kioo. Wachuuzi wameshakwenda. Jua limetulia uani, hata kunguru hakuna. Nilisikia mashine tu ikinguruma nyuma ya ukuta.

"Baba. Wazi."

Bati la mlango lilinigusa baridi kupitia shati. Halikusogea hata unywele. Nikaanza Ayatul Kursiyu.

"Umefungwa." Nikafika katikati ya aya. "Wazi tena. Sasa u wazi kabisa, na joto lapanda. Baba, toka hapo!"

Sikutoka. Usinisifu, miguu ndiyo iliyokataa. Lakini kichwa kilikuwa kikifanya kazi. "Hesabu mistari," nikamwambia, "tangu ulipofungwa hadi ulipofunguliwa mara ya pili."

"Thelathini na mmoja."

Yaani sekunde thelathini na moja. Nikajua.

Zamani mvuke wa barafu ulinipiga usoni, nikateleza, nikavunja jino. Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa tatu, naufungua mlango upana wa kiganja, naufunga, nasoma Kul-huwallahu mara tatu bila haraka, ndipo naufungua wote. Hakuna mwingine afanyaye hivyo. Mshika ufunguo huuvuta mara moja kwa bega, na hunicheka: "Mzee hupiga hodi kwa samaki!"

"Ni mimi huyo," nikasema. "Ni mimi, asubuhi."

Mkaza mwanangu alipekua kwa muda, kisha akanieleza. Habari zilikuwa zinapanga foleni. Jedwali lenye mistari yote ile niliyokataza isifutwe halikuweza kumaliza hesabu ya sekunde moja kabla ya nyingine kufika. Likiwashwa alfajiri liko sawa, mchana laandika mambo ya asubuhi. "Na saa iliyo ubavuni mwa mstari ni ya kuandikwa, Baba, si ya kutokea."

Akiwa bado anaeleza, kioo kikaandika: UMEFUNGWA. Kwa kioo, ndiyo kwanza nilikuwa natoka mle ndani asubuhi ile. Nilijitazama nikitoka, nami nimesimama pale kando yake. Sikupenda. Mtu hakuumbwa auone mgongo wake.

Ijumaa nilikwenda kwa mshika ufunguo kabla ya alasiri. Nilimkuta ameshatawadha, kanzu nyeupe, amekaa barazani akinisubiri.

"Twende," akasema.

"Hakuna kuapa. Nilikosea."

"Ulilisema mbele ya watu."

Alikuwa na haki. Basi kesho yake asubuhi, mbele ya wachuuzi wale wale, nikalisema kwa kinywa changu: aliyefungua ni mimi, na niliyemdhulumu ni huyu. Mama mmoja akapiga makofi: "Salale! Mzee amejivizia mwenyewe, akajikamata!" Wakacheka hadi wakashika mbavu. Niliwaacha. Nikamrudishia ufunguo, naye akaufunga kiunoni.

Siku hizi jedwali huchukua mstari kwa dakika, na ya jana huwekwa kando. Ni jepesi, lasema ya sasa. Ila mshika ufunguo, kabla hajagusa kufuli, hugeukia dirisha la ofisi na kupaza sauti: "Nafungua!" Akimaliza: "Nimefunga!" Nimemwambia aache, hakuna anayemshuku. Haachi. Na mkaza mwanangu aniambia kwamba hata siku ambazo sipo, ofisi imefungwa, akipita nje ya ukuta humsikia mle uani, peke yake, akiita.