Muthokoi wa Krismasi Uliompendeza Mume Wangu

Admin, nifiche kabisa, maana nusu ya ukoo wetu iko humu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tatu, naishi Machakos mjini. Kwetu ni Muthetheni, familia ya Kikatoliki. Nilisilimu nilipoolewa. Mume wangu ni mpole, ila kwa mambo ya chakula hana mchezo. Krismasi yetu ya kwanza tuliomba jirani Mwislamu aje achinje mbuzi ili sote tule. Baba yangu aliwaka. "Mbuzi nimelisha mimi, halafu nichinjiwe na mgeni kwa boma yangu?" Mume wangu alikunywa chai kavu tukarudi mjini, na hatukukanyaga huko Desemba tena kwa miaka mitatu.

Mwaka jana nikapata njia. Nilimwambia mume wangu, Baba Zuhura, nitapika chakula kikuu kisicho na nyama, kitoshe watu wote, na mbuzi wao wachinje wapendavyo. Alikubali kwa sharti moja, nisimamie sufuria mwenyewe. Basi nilibeba sufuria yangu, mwiko wangu, mpaka chumvi. Nikapika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kwa kinu, na mbaazi za shamba la mama, vitunguu, karoti na dhania. Saa saba nikaingia ndani kuswali, nikamwomba mama aniangalizie moto. Dakika kumi tu.

Jamani, kililiwa! Wajomba waliacha nyama wakarudia muthokoi. Mume wangu aliongeza mara tatu. Baba akamwita mume wangu "muthoni", yaani mkwe kwa Kikamba, akamwambia, "Kula, hapa ni kwako." Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kwa furaha.

Juzi mama alinipigia simu. Tulikuwa tunaongea habari za mvua, mara akacheka. "Mwana wakwa, ile muthokoi yako ilikuwa inakaa ya hospitali. Ulipoenda kuomba nikaiongezea supu ya mbuzi, ile ya juu iko na mafuta. Vikombe viwili tu. Muthoni angetoka aje kwangu bila kuonja mbuzi?"

Nilikaa chini sakafuni. "Mama, si ulijua hatuli?"

"Nyama sikuweka hata kipande. Ni supu tu."

Nilimkatia simu, na sijawahi kumkatia mama yangu simu maishani. Nilikasirika sana. Halafu nikamwonea huruma, kwa sababu hakufanya kwa ubaya. Kwake, mkwe kuondoka hivyo ni aibu, angesemwa mpaka kanisani.

Najua aliyekula bila kujua hana lawama. Lakini sasa mimi najua, na mume wangu hajui. Nikimwambia, namfahamu vizuri, wanangu hawatakula tena kwa nyanya yao, pengine hata kwenda hawataenda, na baba yangu ni mzee sasa. Nikinyamaza, nalala kila siku na mtu niliyemdanganya kwa jambo aliloniaminia.

Ningejikaza kunyamaza, lakini Idi inakaribia. Jana Baba Zuhura aliniambia nikiupika mimi hapa mjini hauwi mtamu kama ule wa Krismasi, kwa hiyo anataka mama aje tuwapikie ndugu zake pamoja, ameshausifia kwao. Akampigia mwenyewe, akaweka simu kwa sauti. Mama akafurahi kama mtoto. "Nitakuja, muthoni. Tutapika iwe vile ilikuwa ile siku." Mume wangu akanitazama akitabasamu, nami nikatabasamu.

Wenzangu, msinitukane, nielekezeni tu. Nimwambie mume wangu sasa, au nimzuie mama kuja, na nimzuie kwa sababu gani? Maana wageni wakimuuliza siri ya utamu wake, mama yangu hafichi kitu, atawaambia pale pale mezani.