Mrija Hupelekwa na Mwenyewe

Siku ile naikumbuka kwa mvua ya mawe, mwanangu Simiyu. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, na kikohozi kilikuwa kimekushika kifua. Baba yako alitoka nawe asubuhi akupeleke zahanati. Mchana, nikitoka kuchuma chai, nilikukuta umeketi peke yako chini ya paa la mama pima, yule mwanamke aliyepika pombe ya busaa pale kambini, mawe ya mvua yakikurukia miguuni. Ndani, wanaume walikuwa wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Baba yako alikuwa kati yao. Zahanati hamkufika.

Mimi si mzee wa kutoa nasaha. Lakini hasira nayo huzeesha, na Agosti hii utatahiriwa, kisha wajomba zako watakupa mrija na kiti kwenye chungu. Kwa hivyo nisikilize mimi kabla yao.

Kesho yake nilirudi kwa mama pima kugombana. Nilikuwa nimesoma sekondari, hata matusi nilikuwa nimeyapanga. Alinisikiliza huku akikaanga unga wake. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Mama Simiyu, unanipigia mimi kelele, na hujauliza wale wanaoniacha huwa wanakwenda wapi. Wako na mzee arap Koech, kwa banda la kupimia chai, Jumapili baada ya kanisa. Mirija yao wanaiacha huko."

Kanisani nilikuwa nimeuliza jinsi mtu anavyoachishwa pombe, nikaambiwa niombe. Mnyapara wetu nilimuuliza, akanicheka mbele ya wachumaji. Kumbe anayejua ni yule anayepoteza wateja. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kubagua wa kuuliza.

Jumapili ilipofika, baba yako akiwa amelala, nilichomoa mrija wake pale juu ya mlango nikapanda nao kilimani. Nilitaka jambo liishe siku hiyo hiyo.

Niliyoyaona kwenye lile banda bado yananisisimua mwili. Wanaume walikuwa wameketi duara, vile vile wanavyoketi kwenye chungu, ila katikati palikuwa na birika la chai. Juu yao, kwenye mapao, mirija ilikuwa imechomekwa mingi, myeusi kwa moshi na mate ya miaka. Na aliyekuwa akizungumza, kofia mkononi, alikuwa yule mnyapara aliyenicheka. Alikuwa akieleza jinsi mkewe alivyokata roho huku yeye ameketi kwenye chungu, na jinsi waliokuja kumwita walivyomwita akakataa kuinuka. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwambia pole. Mtu alimmiminia chai tu. Mimi sikujua kwamba mwanamume anaweza kusema maneno kama hayo mchana, akili zake zote zikiwa kichwani.

Nikamnyooshea mzee arap Koech ule mrija. Hakuupokea.

"Ni wa nani, mama?"

"Wa mume wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amelala."

"Basi rudisha kabla hajaamka. Mrija unaletwa na mdomo wake. Ukimletea wewe, kesho atakata mwingine. Matete hayaishi mtoni."

Nilishuka kilima nikimtukana kimoyomoyo. Lakini niliurudisha. Jioni nilimwambia baba yako lile banda liko wapi na siku gani. Niliyemwona huko sikumtaja, na mpaka leo hajui nilimwona nani.

Aliendelea kunywa. Nami nikafanya kazi ambayo hata kuchuma chai kwenye mvua hakuishindi kwa ugumu, yaani kunyamaza. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Hawasemi anakula nini akingoja.

Halafu Jumapili moja akauchomoa mrija mwenyewe, bila neno. Nilikushika mkono tukamfuata kwa mbali. Njia ya kwenda juu inapita mlangoni kwa mama pima, huna pengine pa kupita. Wenzake wakamwona.

"Wekesa, kiti chako kinapoa!"

Miguu yake ikasimama. Nilikuwa na maneno tayari; nikayameza. Wewe uliuminya mkono wangu. Unajua kiti kwenye chungu ni nini kwetu: ndiyo heshima ya mwanamume, ndipo anapoitwa mtu.

Akasema, "Mpeni mwingine." Akapita.

Nimeona radi ikipasua mti kule Kipkelion. Sijaona kitu kikubwa kama mgongo wa baba yako ukipanda kile kilima.

Sikudanganyi, alianguka tena baadaye, na akapanda tena. Lakini mrija ule uko kwenye mapao hadi leo.

Basi shika hili. Wajomba wakikupa mrija, sitauficha wala kuuchoma. Utakuwa wako, na mdomo ni wako. Ukikushinda, usione haya, njia ya kilimani unaijua, ulisimama nami pale mlangoni. Na ukimwona mwenzako anazama, mwonyeshe banda, tembea nyuma yake, lakini usimbebee mrija wake.

Mungu aliyempa baba yako miguu ya kuupita ule mlango akupe na wewe, na siku utakaposimama mlangoni hapo, awepo mtu wa kukungoja akiwa amenyamaza.