Ile Nyeupe na Ile ya Majivu

Munyaneza alitaka gari la kumlaza mama yake. Basi. Watu wengine wakinunua gari huuliza redio, huuliza viti vya ngozi, huuliza majirani watasema nini. Yeye aliuliza jambo moja: mama akilala nyuma na miguu imenyooka, mlango utafungika?

Mama huyo, Nyiramahirwe, alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu kiharusi kimpate. Mlima wetu wa moto hapa Goma ulipolipuka mwaka wa 2021 walikuwa wanakaa Buhene, na nyumba yao ikaliwa na ule moto pamoja na sufuria zilizokuwa jikoni. Mama alitoka mgongoni kwa mtoto wake. Siku chache baadaye ardhi ilikuwa bado inatetemeka, serikali ikaamuru watu wauhame mji, na sisi wengi tukashika barabara ya Sake.

Munyaneza hakupata nafasi katika gari lolote. Alimfunga mama yake kwa kitenge juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili ambao watu hubebea viazi na makaa, akausukuma kwenye mvua. Mkewe Léoncie alikuwa ameshika kichwa cha mama kisigonge mbao. Tulipokaribia Lac Vert mama akajikojolea mbele ya umati, na wajinga fulani wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yao na beseni langu kichwani. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua, lakini mama alikuwa ameshafumba macho kwa aibu. Mpaka leo nikiikumbuka sura ile nasikia hasira.

Tulipofika Sake ndipo Munyaneza alipofungua kinywa.

"Mama, hakuna siku ingine utabebwa kama gunia. Nitakufa kwanza mimi."

Tuliporudi wakajenga nyumba ya mbao karibu na Lac Vert, ukuta kwa ukuta na yangu. Mimi naitwa Dancille, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwa. Munyaneza anauza jibini inayotoka kwao Masisi. Ni mtu mpole, anayeongea kidogo na kufikiri sana, tena akishashika jambo hata ng'ombe hawezi kumng'oa. Aliweka akiba miaka. Mwishowe akauza ng'ombe wa baba yake waliobaki Masisi kabla wenye bunduki hawajawala, akasema sasa ameiva kwa gari.

Mfanyabiashara mmoja, Kamate, alikuwa na jip mbili ndogo katika uwanja wake wa magari. Moja nyeupe, nyingine rangi ya majivu. Munyaneza alimchukua Yakubu, dereva wa mtaani kwetu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mtu anayesikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Nami nilikwenda, kwa kuwa mama naye alipelekwa na lazima awepo wa kumshika. Ndiyo, alimpeleka mama yake uwanjani. Kamate alipomwona bibi anateremshwa kwenye teksi akadhani wanatafuta hospitali.

Ile nyeupe ilikuwa imeinuka juu, magurudumu yote manne yanavuta, rangi inameta hata ningeweza kufunga kilemba changu kwa kujitazama mlangoni. Ile ya majivu ilikuwa chini zaidi, inavuta kwa magurudumu ya mbele tu, ubavu umebonyea, na mlango mmoja umepakwa rangi isiyofanana na ya wenzake. Kwa ndani zililingana. Ukilaza viti vya nyuma, mtu mzima analala.

Kwetu gari halijaribiwi kwenye lami. Linapelekwa kwenye vichochoro vya mawe, kule ambako moto wa mlima wa mwaka wa 2002 uliganda ukawa mawe na hakuna aliyesawazisha. Yakubu alizipitisha zote mbili. Ile ya majivu ilikwaruza tumbo mara kadhaa. Nyeupe ilipita kama vile mawe hayapo, na wanaume wote waliokuwa wamesimama pale, ambao hakuna aliyewaita, wakawa mafundi. Sisi watu wa Goma tuna ugonjwa huo: kila kitu tunakipima na mlima. Nyumba tunajenga ya mbao kwa sababu ya mlima, vyeti vya watoto tunavifunga kwenye mfuko kwa sababu ya mlima, na gari tunaliuliza kama litapanda mawe siku barabara ikikatika. Mimi sikuulizwa. Mwanamke wa sambaza anajua nini kuhusu gari?

Kisha tukamlaza mama. Katika nyeupe alitazama juu, akapapasa dari kwa mkono wake mzima, akasema, "Ni muzuri." Tukamhamishia ile ya majivu. Wanaume waliendelea kubishana juu ya mafuta na matairi, na mara tukasikia mkoromo. Bibi alikuwa amelala fofofo! Tulicheka sote, hata Kamate. Nikapanda kumwamsha na kumpangusa mate shavuni.

Alipoamka akamshika mtoto wake mkono.

"Munyaneza, kamata hii ya majivu."

"Mama, hii iko chini sana. Mulima ukikata barabara itakwama, na weye uko ndani."

"Mulima haiibe motokari, mutoto yangu. Watu ndio wanaiba. Ile nyeupe kila mwenye bunduki ataitamani. Hii hakuna mwenye ataiangalia."

Mama huyo alikuwa ameona vita vikiingia na kutoka tangu mwaka wa 1996, na kila mara alikuwa ameona magari mazuri yakiondoka kwanza. Lakini nani anamsikiliza bibi aliyepooza katika shauri la magari? Yakubu alimwambia kwa heshima, "Mama muzee, usiogope, tutakuchagulia yenye nguvu." Munyaneza aliiangalia ile ya majivu muda mrefu. Halafu akayaangalia mawe. Nadhani aliiona tena ile barabara ya Sake, na kitenge kilicholowa. Akanunua nyeupe.

Ya majivu ilinunuliwa na Yakubu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyolingana na mfuko wake. Akawa anabebea abiria na mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo, ya wanawake wa soko.

Sitasema uongo, nyeupe ilitupa raha. Munyaneza aliiegesha kila siku pua ikitazama barabara, tayari kwa kukimbia. Kila mlima ulipowaka mwekundu mawinguni alikwenda kuijaza mafuta. Jumapili mama alikwenda kanisani amelala ndani yake, anapungia watu mkono dirishani kama bibi arusi, nasi tukimtania kwamba ametuacha maskini wenzake. Mwaka mmoja na nusu hivi hakuna aliyemwona akibebwa kama mzigo. Nilimwona Munyaneza akinenepa kwa furaha hiyo.

Januari ya mwaka wa 2025 vita vikafika. Na vikaja kutoka Sake. Barabara ile ile tuliyoikimbilia mlima ulipotufukuza, safari hii ndiyo iliyotuletea mabomu. Asubuhi moja nyumba zilitikisika, na watu wakamiminika kuelekea mjini na magodoro kichwani. Munyaneza akamlaza mama nyuma, Léoncie akakaa mbele, nami nikajikunja kando ya mama. Dakika chache tu tukawa barabarani. Alikuwa amelifanya zoezi hilo kichwani kwa miaka.

Karibu na Ndosho tukakuta wenye bunduki wamefunga njia. Wa upande gani, sikuuliza, na sikuona kwamba ingetusaidia kujua. Mbele yetu kulikuwa na Yakubu katika ile ya majivu, mkewe Fatouma na watoto wamejazana hadi kwenye vioo. Mmoja aliyebeba bunduki aliutazama ule ubavu uliobonyea, akapiga bodi kofi moja.

"Pita, pita!"

Yakubu akapita. Kisha wakatuona sisi.

"Shukeni wote! Lete funguo!"

"Bakubwa, kuko mama muzee nyuma," Munyaneza akasema. "Hatembeake. Muniachie yeye tu afike."

"Si umushushe? Mbio!"

Alijaribu tena, akapigwa kitako cha bunduki begani. Tukamshusha mama, mimi na Léoncie, tukamlaza juu ya kitenge kwenye mawe ya kando ya barabara. Wakapanda, wakageuza gari, wakaondoka. Kwa mbali niliiona ile ya majivu ikikunja kona. Haikuwa na nafasi hata ya kuku, simlaumu Yakubu. Lakini moyo wangu uliungua.

Munyaneza alimwinamia mama yake, akamfunga mgongoni kwa kile kitenge kama wanawake wanavyofunga mtoto, na tukaenda. Mabomu yalikuwa yanaanguka nyuma yetu. Mama alikuwa mwepesi, lakini niliona machozi yanamtoka Munyaneza bila sauti. Hakuwa analilia gari. Nilijua analilia nini.

Naye mama alijua. Nilikuwa nimemshika kiuno asiteleze, kwa hiyo nilisikia alipomwambia sikioni, akimwita papa kama tunavyobembeleza watoto wa kiume:

"Papa, usilie. Ile ya majivu ilikuwa mubaya. Chini mule ni magumu, iliniumiza mugongo siku ile. Ulichagua muzuri."

Munyaneza akajibu, "Ndiyo, mama," na akaendelea kutembea.

Tulipata hifadhi katika shule moja, chumba kimejaa watu hata hakuna pa kunyoosha mguu. Mama alikuwa amepatwa na baridi na mshtuko, na dawa haikupatikana popote. Alikufa hapo hapo sakafuni, kichwa chake mapajani mwa Léoncie, siku ambayo bunduki zilinyamaza. Tulimzika haraka, kama wengi walivyozikwa siku zile.

Sasa tumerudi kwenye nyumba zetu za mbao. Mahali pa gari pameota majani, na Munyaneza hapandi kitu hapo. Yakubu bado anaendesha ile ya majivu, lakini akifika kwetu huzunguka njia ya nyuma.

Juzi Munyaneza alikuja kukaa karibu na beseni langu. Aligeuzageuza sambaza mpaka nikadhani amekuja kununua. Kisha akauliza:

"Mama Dancille, weye ulikuwa pale kwa Kamate. Siku ile mama alilala kweli mule ndani, ao alifunga tu macho sababu ya maumivu?"

Nikaendelea kupanga samaki wangu.

"Maumivu, papa," nikamwambia. "Alikuwa anasikia maumivu."