Mnara na Kayaki ya Rangi ya Chungwa

Jikoni kwa dada yangu kulikuwa na redio ndogo ya mabaharia ambayo haikuzimwa kamwe. Ilikohoa, ikanguruma, ikataja meli zinazoingia na zinazotoka, nasi tulikula na kubishana juu ya sauti hiyo kana kwamba haipo. Siku hizi iko kwangu, juu ya friji. Ninapoishi ni nyuma ya kilima, mawimbi yake hayafiki, kwa hiyo haisemi kitu. Mara nyingine naigeukia kama mtu aliyesikia akiitwa.

Dada tulimwita Mnara. Tangu usichana wake mpaka alipostaafu alifanya kazi kwenye mnara wa bandari, katika chumba cha juu chenye mapazia mazito, mbele ya kioo cha rada. Aliwaambia manahodha wapite wapi: punguza mwendo, baki kulia, subiri meli ya mafuta ipite. Meli zenye uwezo wa kubomoa gati zilimtii kama watoto wa chekechea. Yeye mwenyewe alijifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, na baharini hakuwahi kulowesha kisigino.

Alipostaafu, yeye na mumewe, fundi wa makochi, waliamua kuhamia kwa binti yao, mji wa bara. Nyumba ilipopata mnunuzi tu, Mnara akaja na kayaki: kimtumbwi chembamba cha plastiki, rangi ya chungwa, cha kukaa mtu mmoja na kasia lenye bapa pande zote mbili. Alisema kabla ya kuhama atavuka mkondo wa bahari unaoingia bandarini mpaka ng'ambo, mara moja tu, kwa mikono yake.

"Kivuko kipo," shemeji alimwambia. "Kina viti. Kina choo."

"Hicho kivuko nimekiongoza maisha yangu yote. Sitaki kiwe ndicho kinachonibeba."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, ongea na dada yako. Mimi naambiwa najua sponji tu."

"Na hata sponji unapunja," dada alisema, akatandaza ramani ya mkondo juu ya meza ya chakula.

Nilidhani mpango huo utakuwa mwepesi kwake kuliko kumenya chungwa. Alichukua chaki ya mumewe ya kutia alama vitambaa akachora njia: kutoka ufukweni moja kwa moja hadi katikati ya njia ya meli kubwa, kisha kuifuata njia hiyo mwendo mrefu, ndipo akunje kuelekea ng'ambo. Aliichora bila kusita. Binti mmoja anayefundisha kayaki ufukweni, ambaye tulimwita Mwalimu, alikuja kuitazama, akainama, akainuka, akainama tena.

"Mama, hii ni njia ya meli."

"Ndiyo."

"Unaifuata katikati."

"Ndiko kunakoonekana."

Mwalimu alinitazama mimi, kama mtu anayetafuta mkalimani. Kisha akaeleza taratibu kwamba kayaki hukata njia ya meli kwa mkato, maji yakiwa yametulia, haraka, kama mtu anayevuka barabara kuu. Hakuna anayetembea katikati ya lami ili madereva wamwone vizuri.

Dada alikunja uso. "Lakini huku pembeni hakuna kitu. Miaka yote sijawahi kuona kitu huku."

"Huko ndiko tuliko sote, Mama."

Alibaki na chaki mkononi. Baadaye, barazani, aliniambia habari za kitufe. Mawimbi, ndege, vyombo vidogo, vyote huchafua kioo cha rada kwa vitone, na wao mnarani waliviita takataka. Kilikuwapo kitufe cha kuzifuta. Kila alipoingia zamu alikibonyeza kabla ya kuvuta kiti, kama mtu anavyofuta meza kabla ya kula.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "sasa mimi nikiwa huko nitakuwa nini?"

Shemeji ndiye aliyejibu kwa namna yake: alishona mfuko, akatia humo vifuniko viwili vya sufuria, akaufunga kwenye kijiti nyuma ya kayaki ili rada ipate chuma cha kugonga. "Nikikosa mke, nitakosa na vifuniko," alisema.

Walitoka mchana mweupe, Mwalimu kwenye kayaki yake, dada kwenye yake. Sisi wawili tulibaki ufukweni na ile redio ya jikoni. Walipofika kwenye boya la kijani, ukingoni mwa njia ya meli, tukamsikia akiita kwa redio yake ya mkononi.

"Bandari, mimi ni kayaki, karibu na boya la kijani. Unaniona?"

Binti aliyerithi kiti chake mnarani aliitambua sauti yake mara moja. "Sikuoni, Mama."

"Zima kitufe cha takataka."

Redio ilikohoa, kisha, "Mama, kioo kimejaa."

"Mimi ni kipi?"

"Sijui. Mnafanana."

"Mimi ndiye ninayekwenda kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

Redio ilinguruma tupu. Shemeji alinishika mkono. "Mbona hajibu? Si ajibu tu."

Meli ya makontena ilikuwa inaingia. Dada alituambia baadaye kwamba kutoka kule chini haikuwa na mbele wala nyuma, ilikuwa ukuta. Kwenye rada kila meli huacha mkia mwembamba wa mwanga, nao ndio unaokuambia inakoelekea. Alikaa pale juu ya maji akiutafuta mkia. Mwalimu alimwambia wasubiri ipite halafu wavuke. Dada aliitikia, kisha akaanza kupiga kasia kurudi.

"Binti," tulimsikia tena, "kitufe hicho usikiwashe."

"Kioo hakisomeki hivi, Mama. Macho yataniuma."

"Yaache yaume."

Ufukweni alikaa mchangani na kasia mapajani. Shemeji alihesabu vifuniko vyake kwa sauti ili acheke. Hakucheka. "Wakati wangu," aliuliza, "walikuwa wangapi kule pembeni?" Mwalimu alisema kesho maji yatakuwa mazuri zaidi, wangeweza kujaribu tena. Dada alimtazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha nyingine.

"Kesho," alisema, "nielekee wapi? Kule chini hakuna mkia wa kuufuata."

Wiki hiyo hiyo walihama, kabla hajavuka, na redio wakaniachia mimi. Dada yangu sasa anaishi bara kwa binti yake, ghorofa ya pili, katika chumba kinachotazama kituo cha mafuta, na kayaki imesimamishwa sebuleni, nyuma ya kochi.